Watu wa Breki: Habari za Kazi ya Treni ya Mizigo huko Marekani

Ninyi mnaokaa Kamina, Kabalo au Kalemie mnaijua sauti ya treni ya mizigo inapopita usiku. Mtoto huamka kitandani, huhesabu mabehewa kwa masikio, halafu hulala tena. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kujiuliza: Katika treni ndefu namna ile, watu wanaofanya kazi ni wangapi? Nao hufanya nini? Na treni ikikataa kusimama, nani ataisimamisha?

Leo nataka kuwaeleza habari za watu hao, lakini si wa kwetu. Ni wa Marekani, na mwishoni tutavuka mpaka kidogo kuingia Kanada. Nimechagua Marekani kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiko zilikotungwa breki ya hewa na kiungo cha mabehewa kinachojifunga chenyewe, vitu vilivyookoa maisha ya watu wengi katika nchi nyingi. Ya pili, huko serikali iliweka hesabu ya wafanyakazi waliokufa na walioumia, mwaka kwa mwaka, na hesabu hizo bado zasomeka.

Miaka ya 1870 na 1880 treni ya mizigo ya Marekani ilikuwa na watu watano, mara nyingine sita. Mbele kabisa, juu ya mashini, walikaa wawili: mwendesha mashini na mchochea moto, ambaye alitupa makaa ndani ya tanuru safari nzima. Nyuma kabisa lilikuwa behewa dogo lenye jiko la makaa. Huko alikaa mkubwa wa treni pamoja na karatasi zake za mizigo. Watu wengi hudhani kwamba mkubwa ni yule anayeshika mashini. Sivyo. Treni ilikuwa chini ya amri ya mkubwa wa treni, ingawa alikuwa amekaa mkiani. Waliobaki ni watu wa breki, wawili au watatu, na habari yetu ni yao hasa.

Siku zile kila behewa lilikuwa na breki yake peke yake. Juu ya paa ulisimama mti wa chuma, na juu ya mti huo gurudumu dogo kama usukani. Mtu akilizungusha, mnyororo ulivutwa chini, na vipande vya chuma vilibana magurudumu ya behewa. Basi fikirini treni yenye mabehewa 30 inashuka mlima. Mwendesha mashini apiga mluzi mmoja mfupi, maana yake: Fungeni breki! Hapo watu wa breki walipanda juu ya paa, mmoja akaanza mbele, mwingine akaanza nyuma. Alifunga gurudumu la behewa moja, akaruka mpaka behewa linalofuata, akafunga tena, hata wakakutana katikati. Njia yao ilikuwa ubao mwembamba juu ya paa. Kati ya behewa na behewa hapakuwa na daraja. Ilikuwa kuruka tu, na treni inakwenda.

Mchana wa jua kazi hiyo yawezekana. Lakini treni haichagui saa wala majira. Huko kaskazini, wakati wa baridi, mvua hugeuka barafu juu ya paa na ubao huteleza kama sabuni. Upepo unavuma, treni inayumba, ni usiku, na mtu ana taa moja tu mkononi. Mluzi ukilia ilimpasa kupanda.

Tena kulikuwa na madaraja ya chini na matundu ya milimani. Mtu aliyesimama juu ya paa akitazama nyuma hakuweza kuona daraja linalokuja. Kwa hiyo kampuni zilitundika kamba nyingi juu ya njia, mbele kidogo ya daraja, ili zimpige mgongoni au usoni. Akizisikia, alijitupa chini upesi na kulala kifudifudi. Kila nikisoma habari za kamba hizo huwaza jambo moja: Walikuwa wamejua hatari vizuri sana, hata wakaitengenezea kamba, ila hawakufikiri bado kumwondoa mtu juu ya paa.

Hata hivyo, mahali palipoumiza watu wengi kuliko pote si juu ya paa. Palikuwa chini, kati ya mabehewa mawili.

Kila behewa lilikuwa na mdomo wa chuma wenye tundu. Pete ndefu ya chuma iliingizwa mdomoni, na pini ikashushwa kuishika. Ili kuunganisha behewa la pili, mtu wa breki alisimama kati ya yote mawili huku moja linamjia, akainua pete kwa mkono, akaielekeza ndani ya mdomo wa lile linalokuja, akatoa mkono, akatia pini. Muda wa kutoa mkono ulikuwa mfupi sana. Aliyechelewa aliacha vidole. Aliyejikwaa juu ya reli aliacha zaidi ya vidole. Zilikuwako fimbo za kuinulia pete badala ya mkono, na kampuni nyingine ziliandika amri kwamba fimbo zitumike. Lakini kampuni zile zile zilitaka mabehewa yapangwe haraka, na fimbo inachelewesha kazi. Hivyo mtu alipoumia aliambiwa: Umevunja amri, kosa ni lako.

Husimuliwa kwamba mtu akija kuomba kazi, msimamizi hakumwuliza karatasi za kazi ya zamani, alimtazama mikono. Mwenye vidole kumi alikuwa mgeni. Aliyepungukiwa kidole kimoja au viwili alijulikana kuwa ameizoea kazi.

Katika mwaka ulioishia tarehe 30 Juni 1893, wafanyakazi wa reli 2,727 waliuawa kazini huko Marekani, na 31,729 waliumizwa. Katika hao, waliouawa wakiunganisha au kutenganisha mabehewa ni 433, na walioumizwa kwa kazi hiyo hiyo ni 11,277. Tafadhali someni tena hesabu hii ya mwisho. Ni watu wa mji mzima, katika mwaka mmoja, kwa ajili ya pete na pini.

Kampuni za bima hazikutaka kuwapokea watu wa namna hii, au ziliwadai fedha wasizoziweza. Ndiyo sababu mwaka 1883, katika mji wa Oneonta, jimbo la New York, watu wa breki wanane walikutana ndani ya behewa la nyuma, lile lenye jiko, wakaanzisha chama chao. Shabaha yao ya kwanza haikuwa kugombea mshahara. Walitaka kuchanga fedha za kumsaidia aliyekatika mkono na mjane wa aliyekufa. Baadaye chama hicho kilikuwa kimoja cha vyama vikubwa vya reli nchini mwao.

Linaloniuma mimi ni kwamba dawa ya mambo hayo ilikuwa imekwisha kupatikana.

Mwaka 1869 kijana mwenye umri wa miaka 22, jina lake George Westinghouse, alipewa hati ya serikali kwa ajili ya breki ya hewa, na mwaka 1872 aliitengeneza vizuri zaidi. Kazi yake ni hivi: Pampu iliyo mbele kwenye mashini husukuma hewa katika bomba linalopita chini ya treni nzima, na kila behewa lina pipa lake la kuwekea hewa. Hewa ikiwa imejaa katika bomba, breki hufunguka. Mwendesha mashini akiipunguza, kila behewa hutumia hewa ya pipa lake na breki hujifunga. Ubora wake ndio huu: treni ikikatika njiani, mipira ya hewa huachana, hewa yote hutoka, na vipande vyote viwili husimama vyenyewe. Neno moja tu mlishike, maana tutalihitaji mwishoni: pampu isipofanya kazi, hewa huvuja polepole, na ikiisha kabisa breki huachia. Kwa hiyo treni inayoachwa peke yake hutakiwa kufungwa breki za mkono.

Na kuhusu kiungo, mwaka 1873 Eli Janney, karani wa duka huko Alexandria katika Virginia, alipata hati kwa ajili ya kiungo chake. Alikuwa amechonga mfano wa mti kwa kisu. Kinafanana na vidole vilivyokunjwa vya mikono miwili: vikigongana hushikana vyenyewe, wala mtu haingii katikati kuvifunga.

Treni za abiria zilipewa breki ya hewa mapema. Treni za mizigo zilingoja miaka 20 na zaidi. Wenye reli walikuwa na hoja zao, na si haki kusema hawakuwa nazo. Behewa la mizigo husafiri juu ya reli za kampuni nyingi. Kiungo kipya hakina faida kama jirani bado ana pete na pini. Anayetangulia kulipa analipa bure. Basi kila mmoja alimngoja mwenziwe. Tena breki yenyewe ilikuwa na kasoro kwa treni ndefu: katika majaribio ya mwaka 1886 na 1887 huko Burlington, Iowa, mabehewa ya mbele yalishikwa kwanza na ya nyuma yakayagonga kwa nguvu. Westinghouse alirudi kazini, akatengeneza kifaa kipya, na kabla mwaka 1887 haujaisha treni ya mabehewa 50 ilisimama taratibu. Tangu hapo hoja iliyobaki ilikuwa fedha.

Aliyewasumbua wenye reli kuliko wote hakuwa mtu wa reli. Alikuwa mkulima wa Iowa, Lorenzo Coffin. Mwaka 1874 alikuwa akisafiri kwa treni, akamwona mtu wa breki akipoteza vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kuume. Vingine vilikuwa vimekwisha kukatika zamani. Tangu siku hiyo hakunyamaza. Aliandika barua kwa magazeti, alisimama katika mikutano ya wakubwa wa reli bila kualikwa, hata wengi wakamwona kama mwenye kichaa cha breki. Rais Benjamin Harrison naye, aliyekuwa amepigana vita mwenyewe, aliliambia Bunge mwaka 1889 kwamba ni aibu mfanyakazi wa reli kuwa katika hatari kama ya askari vitani. Tarehe 2 Machi 1893, siku mbili kabla ya kuacha urais, alitia sahihi sheria: mabehewa yote yanayovuka mipaka ya majimbo yawe na viungo vinavyojifunga vyenyewe, na breki za hewa ziwe za kutosha ili mwendesha mashini aweze kuisimamisha treni bila watu kukimbia juu ya paa. Kampuni zilipewa mpaka mwaka 1898. Zikaomba muda zaidi, zikaongezewa mpaka tarehe 1 Agosti 1900.

Siku nne baada ya tarehe hiyo, huko Promontory katika Utah, mtu wa breki wa kampuni ya Southern Pacific, jina lake Johnson, aliamriwa kuunganisha mashini na behewa la chakula. Mashini ilikuwa na kiungo cha Janney. Behewa lilikuwa na kiungo cha namna nyingine. Vyote viwili viliitwa vya kujifunga, lakini havikuweza kushikana kimoja na kingine. Johnson aliingia katikati kama zamani, akajaribu mara kadhaa, mkono wake ukapondwa, ukakatwa.

Alipokwenda mahakamani aliambiwa kwamba sheria yataja behewa, na mashini si behewa. Mahakama mbili zilikubali maneno hayo. Ilikuwa tarehe 19 Desemba 1904 tu Mahakama Kuu ya nchi ilipoyakataa, ikisema kwamba sheria ilitungwa ili watu wasiingie tena kati ya magari, na mashini ni gari kama mengine. Miaka minne na zaidi kwa neno moja! Hata hivyo hukumu ile iliwasaidia wengi waliokuja nyuma yake.

Sasa niseme kidogo juu ya saa za kazi. Treni ya mizigo haikuwa na ratiba kama ya abiria. Mtu alilala kwake, au katika nyumba ya wageni mbali na kwake, na mtoto wa kuita watu alikuja kugonga mlango saa yoyote: Amka, treni yako inaondoka. Hakujua atarudi lini. Wengine walifanya kazi zaidi ya saa 24 bila kulala, na mtu mwenye usingizi haoni taa nyekundu. Mwaka 1907 sheria iliweka mpaka wa saa 16. Mwaka 1916, baada ya vyama kutishia mgomo wa nchi nzima, siku ya saa 8 ikawa kipimo cha mshahara. Sheria ya mwaka 1969 ilishusha mpaka wa kazi hadi saa 14, kisha 12. Lakini kuitwa usiku hakukuisha.

Kazi nyingine ya mtu wa breki wa nyuma ilikuwa ya upweke mkubwa. Treni yake ikisimama njiani, alishuka na bendera nyekundu au taa, akarudi nyuma kwa miguu mwendo mrefu, akaweka baruti ndogo juu ya reli, ili treni inayofuata isije ikawagonga. Alisimama pale peke yake, mvua au theluji, hata aliposikia mluzi wa kumwita. Hapo alikimbia. Wakati mwingine alifika, wakati mwingine taa ya treni yake ilikuwa imekwisha kwenda.

Nisingetenda haki kama ningewasifu watu wa vyama bila kutaja doa lao. Katika majimbo ya kusini wachochea moto wengi na watu wa breki wengi walikuwa weusi, kwa kuwa kazi hizo zilikuwa chafu na za hatari. Kuwa mwendesha mashini au mkubwa wa treni hawakuruhusiwa, hata wangefanya kazi miaka 30, na vyama havikuwapokea. Mashini mpya zilipokuja, zenye vyombo vya kutupa makaa vyenyewe na baadaye za dizeli, kazi ya mchochea moto ikawa safi kidogo. Ndipo weupe walipoitamani. Mwaka 1941 chama kilipatana na kampuni kuwapunguza weusi. Mchochea moto mmoja wa Alabama, Bester Steele, aliondolewa katika kazi yake nzuri akapewa iliyo ngumu zaidi na mshahara mdogo. Alishtaki, akitetewa na mwanasheria mweusi Charles Hamilton Houston. Tarehe 18 Desemba 1944 Mahakama Kuu iliamua kwamba chama kinachosema kwa niaba ya wafanyakazi wote kimefungwa kuwatendea wote haki, hata wale kisiowapokea. Kuwapokea lakini hakikulazimishwa siku hiyo.

Baada ya vita vya pili dizeli ilishinda, na mchochea moto hakuwa na moto wa kuchochea. Kampuni zilisema anakaa bure. Chama kilisema jicho la pili mbele ya mashini lina kazi. Ugomvi ukafika Bungeni mwaka 1963, na tangu hapo kazi hiyo ilikufa polepole. Mwaka 1982 mapatano yakafungua njia ya kuliondoa behewa la nyuma. Mahali pake pakawekwa kisanduku chenye taa nyekundu, kinachopima hewa ya breki na kupeleka habari mbele kwa redio. Watu watano wakawa wanne, wakawa watatu, wakawa wawili, na treni ikarefuka kupita mabehewa 100.

Mtu wa behewa la nyuma zamani alichungulia dirishani kutazama moshi, maana beringi ya gurudumu ikiharibika hupata moto, na ekseli yaweza kukatika. Siku hizi vyombo kando ya njia hupima joto hilo. Tarehe 3 Februari 2023 katika jimbo la Ohio beringi moja ilikuwa ikizidi kupata moto. Chombo cha Salem kiliuona joto unapanda, lakini haukufikia kiwango cha kuwaamuru watu wa mashini wasimame. Chombo kilichofuata kilikuwa kilometa 32 hivi mbele, katika mji wa East Palestine. Kilipowaamuru wasimame, walifunga breki, lakini muda ulikuwa umekwisha: mabehewa 38 yalianguka, mengine yamejaa dawa za hatari, na watu wa mji wakahamishwa. Hakuna aliyekufa.

Huko Lac-Mégantic, katika Kanada, mambo hayakwenda hivyo. Usiku wa tarehe 5 Julai 2013 treni ya kampuni ya Montreal, Maine and Atlantic ilisimamishwa karibu na kijiji cha Nantes, juu ya mteremko. Ilikuwa na mashini 5 na mabehewa 72 ya mafuta ghafi. Mtu wa treni alikuwa mmoja tu. Ruhusa ya kwenda na mtu mmoja ilipatikana mwaka 2012. Alifunga breki za mkono 7, akazijaribu. Lakini alizijaribu huku breki za hewa za mashini zimefungwa, kwa hiyo jaribio lilimdanganya. Kati ya mabehewa 72 ya mafuta, hakuna hata moja lililofungwa kwa mkono. Aliiacha mashini moja ikinguruma ili pampu iendelee kusukuma hewa, akapanda teksi kwenda hoteli.

Baadaye mashini hiyo ilishika moto. Wazima moto walikuja, wakaizima pamoja na moto wake. Pampu ikanyamaza. Hewa ikavuja. Karibu na saa saba usiku treni ilianza kutambaa peke yake, haina mtu, ikashuka kilometa 11 na zaidi, ikaingia mjini kwa mwendo wa kilometa 104 kwa saa. Mabehewa 63 yakaanguka, mafuta yakawaka katikati ya mji, watu 47 wakafa.

Wachunguzi walikuta kwamba zilihitajika breki za mkono 17 kwa uchache, labda hata 26. Hawakuweza kusema kwa hakika kama mtu wa pili angezuia msiba. Walionyesha sababu 18, na nyingi zilikuwa katika namna kampuni ilivyoendesha kazi yake. Mwendesha mashini na wenzake wawili walishtakiwa, na mwaka 2018 baraza la wananchi likawaona hawana hatia. Serikali ya Kanada ilikuwa imekwisha amuru, mwezi ule ule wa Julai 2013, kwamba treni yenye mizigo ya hatari isiende na mtu mmoja. Marekani ilitoa kanuni yake ya watu wawili Aprili 2024, na kampuni kadhaa zikaenda mahakamani kuipinga.

Na yule mwendesha mashini, usiku ule alipoamshwa na moto hotelini, alikwenda kwa wazima moto, akavaa mavazi yao, akawasaidia kutenganisha na kuondoa mabehewa 9 yaliyokuwa bado yamesimama juu ya reli yakiwa yamejaa mafuta.